Kabla Hujashika Sindano, Uliza Habari za Damu

Wadogo zangu mnaoanza kazi kliniki ya tezi dume, nianze na swali ambalo siku hizi nalitanguliza mbele ya mengine yote. Mgonjwa akishakaa, akishanieleza mkojo unavyokatika na anavyoamka usiku mara nne, namuuliza: "Mzee, umewahi kung'olewa jino?" Wengi hushangaa, maana wamekuja na shida ya chini, mimi nawauliza ya mdomoni. Akisema ndiyo, naendelea: "Damu ilikata lini?" Mtu ambaye damu yake inaganda vizuri hata hakumbuki. Mwenye tatizo anakumbuka kila kitu: alilala na kitambaa mdomoni, mto ukalowa, kesho yake akarudi kushonwa.

Swali hilo sikulipata darasani. Nililipata kwa mgonjwa niliyemkosea, na nawaandikia ili ninyi msilipate kwa njia hiyo.

Alikuwa na umri wa miaka 66. PSA yake, kipimo cha damu cha protini ya tezi dume, ilikuwa 14, na nilipompima kwa kidole tezi ilikuwa ngumu upande wa kushoto. Nikamwandikia kipimo cha kinyama, yaani kutoa vipande vidogo vya tezi kwa sindano, wiki hiyohiyo. Fomu yetu ilikuwa na swali moja tu kuhusu damu: je, unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Akajibu hapana, nikaweka alama ya vema, basi. Nilichukua vinyama 12 kupitia njia ya haja kubwa kama tulivyozoea. Damu ilitoka kidogo, ikakata. Akavaa viatu vyake, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Usiku wa siku ya pili alirudishwa. Kibofu kimejaa mabonge ya damu, mkojo hautoki hata tone, tumbo la chini limetuna na ukiligusa anakushika mkono. Tuliweka mpira wa njia tatu, tukaosha kibofu mpaka alfajiri. Maji yanaingia meupe, yanatoka mekundu. Bonge likiziba unalivuta kwa bomba la sindano, na dakika ishirini baadaye limeziba jingine. Hemoglobini ilishuka kutoka 13 hadi 8. Mkewe ndiye aliyetufumbua macho. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, akasema kama anayejisemea: "Huyu na mpwa wake damu yao ni moja. Yule mtoto akijigonga goti, linavimba wiki nzima."

Mpwa. Mtoto wa dada yake. Asubuhi tulipeleka damu ipimwe fakta VIII, mojawapo ya protini za kugandisha damu, ikaja asilimia 14. Mzee alikuwa na hemofilia A ya kiwango chepesi, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa fakta hiyo, na ameishi nayo miaka yote hiyo bila mtu yeyote kuipa jina. Ndiyo tabia ya hemofilia nyepesi, ile ambayo fakta iko juu ya asilimia 5: haisumbui mpaka mtu aguswe na kisu au sindano nene. Asiyewahi kupasuliwa anaweza kuzeeka nayo bila kujua, na umri wa tezi dume ndio umri ambao wengi wanakutana na sindano nene kwa mara ya kwanza.

Hili la ukoo lishikeni sana. Ukimuuliza mgonjwa "kwenu kuna mtu anayevuja damu?" atamwaza baba yake na wanawe wa kiume, na huko hutapata kitu, kwa sababu hemofilia hupita kwenye kromosomu X na baba hampi mwanawe wa kiume X yake. Ulizia upande wa mama. Lugha yetu imeshaitenga njia hiyo kwa majina yake kabisa: mjomba ni ndugu wa kiume wa mama, mpwa ni mtoto wa dada, na humo ndimo ugonjwa unamopita. Kwa hiyo nauliza kwa majina hayohayo. "Una mjomba aliyekuwa akitoka damu isiyokata? Una mpwa anayevimba magoti? Binti yako ana mtoto wa kiume wa namna hiyo?" Nimepata majibu kwa maswali hayo ambayo fomu nzima isingeyapata.

Sasa elewa kwa nini nilidanganyika siku ile. Damu inakata kwa hatua mbili. Kwanza chembe sahani zinakimbilia penye jeraha na kuziba. Halafu zile protini tunazoziita fakta zinasuka nyuzi za kuikaza ile ziba. Kwenye hemofilia hatua ya kwanza ni nzima. Damu inakata mbele ya macho yako, unaridhika, unamruhusu, na ziba isiyo na nyuzi inaachia baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa. Mwenye chembe sahani chache au ugonjwa wa von Willebrand, ambao chembe hizo hazishiki vizuri penye jeraha, kwa kawaida anavuja palepale, unamwona. Wa hemofilia anakuvujia akiwa nyumbani. Na njia ya mkojo yenyewe haisaidii, maana mkojo una kimeng'enya cha urokinase, ambacho kazi yake ni kuyeyusha damu iliyoganda. Kwa mgonjwa wa namna hii siku ya kwanza haina maana kubwa. Mpigie simu siku ya tatu, mpigie tena wiki ya pili, wakati magaga ya ndani yanapobanduka.

Kwenye maabara mtakutana na mitego, na mingine nimenaswa nayo mwenyewe. APTT, kipimo cha muda wa damu kuganda, ikiwa sawa haimwondolei mtu hemofilia nyepesi. Kama historia inasema anavuja, omba fakta zenyewe zipimwe. Anayetumia emisizumabu, dawa ya hemofilia inayofanya kazi badala ya fakta VIII, atakuletea APTT nzuri kabisa huku fakta VIII yake ikiwa haipo, kwa hiyo usiisome hiyo namba bila daktari wa damu. Chembe sahani zikija 38, yaani chache mno, kwa mtu asiye na doa hata moja kwenye ngozi, usikimbilie dawa: kuna watu ambao chembe zao hushikana zikikutana na kemikali iliyomo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, na mashine inahesabu kundi kama chembe moja. Omba zirudiwe kwenye chupa ya sitreti, na mtu aangalie tone la damu kwenye kioo kwa hadubini. Nimeona mgonjwa akiahirishiwa kipimo mara mbili kwa sababu ya chupa.

Kuna mtego mwingine mzito zaidi. Mzee ambaye maisha yake yote damu ilikuwa ikiganda vizuri, leo ana michubuko mikubwa ya zambarau mapajani na APTT imerefuka. Hapo waombe maabara wachanganye plazima yake na ya mtu mwenye afya nusu kwa nusu. Muda ukirudi sawa, fakta imepungua. Usiporudi, kuna kingamwili inayoizuia. Hemofilia ya ukubwani, ambayo mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya fakta VIII yake wenyewe, huwapata zaidi wazee, na mara nyingine inaandamana na saratani, ya tezi dume ikiwamo. Kingamwili hiyo inachukua muda kufanya kazi, kwa hiyo mchanganyiko uachwe kwenye joto la mwili kwa saa moja au mbili kabla ya kusomwa, la sivyo utaambiwa uko sawa kumbe hauko sawa. Huyo usimguse kwa sindano ya kinyama hata kidogo kabla ya wataalamu wa damu kumshughulikia.

Mtaniuliza, na saratani itangoja mambo yote hayo? Mara nyingi sana inangoja, na hili ndilo jambo lililonichukua miaka kuliamini kwa moyo wangu wote. Kule Uingereza wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi waligawanywa: wengine wafuatiliwe kwa karibu, wengine wapasuliwe, wengine wapewe mionzi. Utafiti huo unaitwa ProtecT. Baada ya miaka 15, matokeo yalipotolewa mwaka 2023, waliokuwa wamekufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 45, kama asilimia 3, na makundi yote matatu yalikaribiana. Kama saratani hiyo inampa mtu miaka, wewe unashindwaje kumpa daktari wa damu wiki mbili? Anayehitaji haraka ni yule ambaye uti wa mgongo unabanwa na miguu inakufa ganzi, ambaye figo zimeziba, au ambaye damu yenyewe imevurugika. Wengine wote, tulia.

Na katika utulivu huo, anza na picha ya MRI kabla ya sindano. Katika utafiti wa PRECISION wa mwaka 2018, asilimia 28 ya wanaume waliofanyiwa MRI kwanza hawakuonekana na doa la kutilia shaka, wakaepushwa sindano kabisa. Kwa mtu mwenye damu ya kawaida hiyo ni nafuu. Kwa mwenye hemofilia ni zaidi ya nafuu. Na hata doa likionekana, unajua pa kulenga. Hupigi huku na huku.

Sindano ikilazimu, mimi napendelea kupita kwenye msamba. Maambukizi ni machache, na ukimaliza unaweza kukandamiza kwa mkono kutoka nje. Mwenye hemofilia A nyepesi mara nyingi anafaa kwa desmopresini, dawa inayosukuma fakta VIII iliyohifadhiwa mwilini itoke. Lakini ijaribuni siku nyingine kabla, mpime fakta kabla na baada, maana si kila mtu anaitikia, na kwa hemofilia B, ile ya upungufu wa fakta IX, haifanyi kazi. Inazuia pia maji kutoka. Mzee akinywa maji mengi juu yake, sodiamu inashuka, anaweza kuchanganyikiwa au kupata degedege. Na sisi watu wa mkojo tuna mazoea ya kumwambia kila anayetoka kuchukuliwa kinyama "kunywa maji mengi"! Maneno hayo mawili yakikutana kwa mgonjwa mmoja yanamdhuru, kwa hiyo kubalianeni mapema nani anampa maelekezo ya maji. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, nayo ni nzuri, ila damu ikiwa inatoka juu, kwenye figo, inaweza kuacha mabonge yakaziba mirija; iulizieni kwanza.

Dawa ya maumivu iwe parasetamoli. Diklofenaki ya kuweka njia ya haja kubwa imezoeleka mno baada ya kipimo hiki, na inadhoofisha chembe sahani palepale penye matundu. Niliiondoa kwenye orodha ya wagonjwa hawa na sijaijutia.

Hadi hapa nimezungumzia damu inayovuja. Kuna upande wa pili, na huku ndiko vijana wengi wanateleza: magonjwa mawili kufichana. Mgonjwa ana saratani ya tezi dume, damu imepungua, chembe sahani ziko chini, na sote tunaitikia kwa pamoja, "Saratani imeingia kwenye uboho." Labda. Angalia kioo. Ukiona chembe nyekundu zenye kiini pamoja na chembe nyeupe changa, uboho umevamiwa kweli. Lakini pia anaweza kuwa na ugonjwa wa kinga kula chembe sahani, au uboho wenyewe umechoka kwa uzee. Au ni dawa yetu: testosteroni ndiyo inayousukuma uboho utengeneze chembe nyekundu, na tukishaikata kwa tiba ya homoni, hemoglobini hushuka kwa gramu moja au mbili hivi bila ugonjwa wowote mpya. Na ukikuta chembe sahani zimeshuka, PT (kipimo kingine cha muda wa kuganda) imerefuka na fibrinojeni, protini ya kusuka zile nyuzi, iko chini kwa mtu ambaye saratani imesambaa, huo ni mvurugiko wa ugandaji unaoletwa na saratani yenyewe. Mifuko ya plazima inasaidia kumvusha, lakini kinachotuliza mvurugiko huo ni kuanza tiba ya homoni upesi. Huyu ndiye wa haraka niliyemtaja.

Na lukemia sugu ya limfositi, saratani ya chembe nyeupe za damu? Wanaougua ni watu wa umri uleule wa saratani ya tezi dume. Picha ikionyesha tezi za limfu zimevimba kwenye nyonga, usimwandikie mtu kwamba saratani imesambaa kabla hujatazama hesabu ya limfositi zake. Barua moja ya namna hiyo inamnyima mtu tiba ya kupona. Nimewahi kuiona barua hiyo, na nimewahi kuona kinyama cha tezi ileile ya limfu kikirudi na majibu ya lukemia tupu, bila hata chembe moja ya saratani ya tezi dume. Mzee alikuwa ameshagawa mali yake.

Selimundu ina ufichaji wake. Maumivu ya mifupa ni maisha ya mgonjwa huyu tangu utoto. Sasa ana PSA ya juu na nyonga inauma. Skani ya mifupa itang'aa penye mifupa iliyokufa zamani kwa kukosa damu kama inavyong'aa penye saratani. Msikilize yeye kwanza. Wagonjwa wa selimundu wanayajua maumivu yao kwa jina, na mmoja aliniambia, "Daktari, haya si yale." Alikuwa sahihi. Siku ya upasuaji asikauke kwa kufungishwa chakula na maji bila dripu, asipate baridi, oksijeni isishuke. Na mkumbuke kuwa abirateroni, dawa ya saratani ya tezi dume, hutolewa pamoja na prednisoloni, ambayo ni steroidi, na steroidi zinaweza kuchochea mashambulizi ya maumivu. Mwenye vinasaba vya kubeba tu naye anaweza kukojoa damu kutoka kwenye figo, kwa hiyo si kila damu kwenye mkojo wake ni ya tezi dume.

Nirudi kwa mzee wangu. Kinyama kilisema Gleason 4+3, yaani alama ya ukali wa saratani, na haikuwa imesambaa. Tulikaa pamoja: yeye, mkewe, daktari wa damu, mtu wa mionzi na mimi. Upasuaji uliwezekana kwa kumpa fakta siku ile na siku nyingi baadaye. Mionzi haina kisu, ila miezi au miaka mbele inaweza kuacha utumbo wa mwisho au kibofu kikivuja, na kwake hilo lingekuwa na uzito zaidi. Alichagua mionzi na miezi sita ya homoni. Wataalamu wa mionzi walikubali kumlenga kwa picha za kila siku bila kupandikiza vile vipande vya dhahabu, ili tusimchome tena.

Halafu nikakosea mara ya pili. Kwenye karatasi ya dawa niliandika jina la dawa ya homoni na dozi, sikuandika ichomwe wapi. Iliyokuwepo dirishani ilikuwa ya msuli, na aliyekuwa zamu akaichoma kwenye tako kama dawa ilivyoelekezwa. Kesho yake tako lilikuwa gumu kama ubao, mguu una ganzi hadi kwenye kisigino. Alilazwa siku tano akipewa fakta. Nilimwomba radhi kitandani. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Andikeni, mwanangu. Andikeni juu kabisa."

Tangu siku hiyo tunaandika juu ya jalada la faili, kwa kalamu nyekundu: HAKUNA SINDANO YA MSULI. Na njia nyingine zipo. Degareliksi huchomwa chini ya ngozi ya tumbo. Relugoliksi ni kidonge cha kila siku, hakina sindano kabisa. Goserelini nayo huenda chini ya ngozi, ila sindano yake ni nene, inataka maandalizi. Kutoa korodani, njia ambayo Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 na baadaye akapewa Nobel mwaka 1966, bado ni njia halali, lakini ni upasuaji wenye haki zote za upasuaji: fakta kabla, fakta baada.

Kwenye vidonge angalieni zaidi mgongano wa dawa. Enzalutamaidi na apalutamaidi, vidonge vya saratani ya tezi dume, huliamsha ini liyeyushe dawa nyingine upesi: warfarini ya kuzuia damu kuganda inapungua nguvu, apiksabani na rivaroksabani za kazi hiyohiyo pia, halikadhalika ibrutinibu ya lukemia na ruksolitinibu ya magonjwa ya uboho. Mgonjwa anaendelea kumeza, na damu inaganda mguuni. Ibrutinibu yenyewe huleta kuvuja, husimamishwa siku 3 hadi 7 kabla na baada ya kisu. Dosetakseli, dawa ya kemo, haianzi kama nutrofili, chembe nyeupe za kupambana na vijidudu, ziko chini ya 1.5, na kwa aliye na nutrofili chache sana hata kile kidole cha kupimia tezi kiache. Wazee wa hemofilia waliopewa dawa za plazima kabla ya katikati ya miaka ya 1980 wapimwe homa ya ini na VVU, kwa sababu dawa zetu nyingi zinapita kwenye ini.

Mzee alimaliza mionzi. PSA yake ya mwisho niliyoiona ilikuwa 0.2. Lakini jambo lililobaki mezani kwangu halikuwa lake. Mwanamume mwenye hemofilia huwapa mabinti zake wote X hiyo, wote, hakuna bahati nasibu. Yeye ana mabinti wawili, na wa pili alikuwa na mimba ya miezi mitano. Tulimwandikia barua ampelekee mkunga wake: fakta VIII ya mama ipimwe, mtoto akizaliwa wa kiume damu ya kitovu ipimwe, na asivutwe kwa mashine wala kwa koleo. Mzee aliikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo.